Uso Ulionata Kwenye Kioo

Mlioniacha wiki iliyopita mkadhani nimezimia, sikuzimia. Ningezimia ningepumzika. Nilibaki nimesimama katikati ya karakana yangu ya fremu, saa nne asubuhi, kioo mkononi, na kwenye kioo hicho umenata uso wa marehemu mama mkwe wangu.

Kwa aliyechelewa, nieleze kwa ufupi. Baba mkwe wangu ni mchoraji. Kabla mtoto wa jicho hajamfunika macho, alimchora mkewe amelala kwenye nyasi chini ya mti, viatu amevivua kando. Ni picha ya rangi za mafuta, nene, zimepakwa kwa kisu kama siagi kwenye mkate. Nyasi za rangi ya chungwa, mti wa zambarau, kivuli cha bluu. Yeye hachori kitu kilivyo, anachora kilivyomgusa. Mwezi mmoja baadaye mama mkwe alifariki, na ile ikawa picha yake ya mwisho.

Mimi ndiye niliyeifungia kioo.

Hapa sasa ndipo ilipo dhambi yangu, na sitaizungusha. Rangi nzito ya mafuta hukauka juu kwanza, ndani ikabaki mbichi miezi na miezi. Mwaka haujaisha, huiwekei kioo. Hata ukiisha, unaweka kipande chembamba cha mbao pembeni ili kioo kikae mbali na rangi. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyenifundisha, miaka kumi na moja iliyopita, nilipoingia kwake sijui hata msumeno unashikwa upande gani.

Lakini wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba fremu zangu ni za kutundikwa kwenye vibanda vya kunyolea, na kwamba picha ya mama yake itakula vumbi. Nikapandwa na hasira. Siku hiyohiyo nikafunga kioo, bila kipande cha mbao, nikaitundika ukutani inang'aa. Nikajiona nimemkomesha.

Ikakaa hivyo miezi mitano. Wiki iliyopita baba mkwe alipasuliwa jicho la kulia. Akatoka hospitali na bandeji, akaniita mimi, si mtoto wake. "Nitolee kile kioo, mwanangu. Kabla sijafunguliwa bandeji Ijumaa, nataka kwanza nimguse." Nikaibeba picha hadi karakana, nikang'oa misumari, nikainua kioo. Uso ukaja na kioo.

Jambo la kwanza nililofanya ni la kijinga. Nilikirudisha kioo palepale na kukibonyeza kwa viganja, kama mtu anayebandika stempu. Nikasubiri. Nikakiinua tena. Uso ukabaki kwenye kioo, na kidevu kikavutika kidogo.

Jambo la pili, nilichukua wembe wa kukatia kadi nikajaribu kuubandua. Ile rangi ilikuwa bado laini kwa ndani. Ikajikunja kama utando wa maziwa. Nikaacha kabla sijaumaliza.

Nikakigeuza kioo nitazame upande wa pili. Alikuwepo, mzima, amefumba macho, bapa kama chapa. Isipokuwa shavuni. Shavuni palikuwa na tundu, ukubwa wa harage, ambapo rangi haikunata. Nilichungulia hapo nikaiona aproni yangu.

Na kwenye kitambaa cha picha, pale ulipokuwepo uso, palibaki peupe. Katikati ya weupe ule kulikuwa na doa moja tu la rangi ya kahawia, limebonyea katikati. Nikalitazama nikaona linanikera.

"Mama Fremu, mbona umesimama kama mlingoti?"

Alikuwa jirani yangu, tunayemwita Mabango. Anachora mabango ya maduka, kila mteja anajua sura zake: zote zinacheka, zote zina meno thelathini na mawili. Akaingia, akaona, akaweka chini kopo lake la thina.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa makusudi?"

"Unaniona nina kichaa?"

"Nauliza tu, dada. Watu wana mambo na wakwe zao." Akakisogelea kioo. "Mzee anajua?"

"Hajui. Na hatajua."

Nilijisikia mwenyewe nikiyasema hayo. Yalitoka haraka kuliko akili.

Msinihukumu kabla sijamaliza. Nilipotaka kuolewa katika nyumba ile, watu walikaa vikao vitatu kunikataa. Wifi alisema sina mbele wala nyuma. Ni baba mkwe peke yake aliyesimama akasema, "Huyu ni mwanangu, anayemkataa anikatae na mimi." Kisha akanipa fungu la misumari na nyundo yake, akanifundisha kazi. Kila nilicho nacho kimetoka kwenye mikono yake. Ningeanzaje kumwambia kwamba picha ya mwisho ya mkewe nimeing'oa uso kwa sababu ya hasira za wifi?

"Nipe mpaka saa saba," alisema Mabango. "Uso ni kitu gani? Mimi kwa siku nachora nyuso nne."

Nilimwachia. Naungama na hilo pia. Nikatoka nje, nikapima mbao zisizohitaji kupimwa, nikafagia palipofagiliwa, nikarudi. Mama mkwe wangu alikuwa amelala chali kwenye nyasi za chungwa, macho yamemtoka, anacheka meno yote.

"Mabango. Amelala."

"Nimeona."

"Sasa macho ya nini?"

"Dada, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, hakuna mteja aliyewahi kuniagiza macho yaliyofumbwa. Mkono haujui."

Ningekuwa na nafasi ya kucheka ningecheka. Nikachukua kitambaa na thina yake nikamfuta mama mkwe wangu kwa mara ya pili.

Kisha nikafanya mwenyewe. Nikaegemeza kioo dirishani, nikauweka uso pale mbele yangu, nikanakili. Nilitumia rangi za Mabango, za mabango ya barabarani, maana hukauka kwa saa moja na mimi sikuwa na mwaka. Nilizikoroga na unga wa chokaa zipande juu, zifanane na za mzee. Paji la uso la bluu kidogo. Pua yenye mstari wa kijani. Kope mbili, kama mikono ya vikombe.

Lile doa la kahawia shavuni lilikuwa linanizuia. Kila nikipitisha kisu, kinagota. Nikalikwangua. Nikaliona limebaki kwenye ncha ya kisu, kidonge kidogo, nikakifutia kwenye gazeti. Sehemu ikawa laini, nikapaka shavu zuri, la mviringo. Nilijisifu kwa shavu lile.

Kioo nikakifunga kwenye shuka kuukuu, nikakisukuma nyuma ya rundo la mbao. Rangi zangu zilinuka thina, kwa hiyo nikasugua mafuta ya kitani, yale mzee anayochanganyia rangi, kwenye mbao za nyuma ya picha ili inukie kazi yake. Unaona mtu anavyokuwa mwerevu akishaamua kudanganya.

Jumatano mchana nikaipeleka nyumbani. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilishukuru hayupo. Yeye ananisoma usoni kama ubao.

Baba mkwe alikuwa sebuleni kwenye kiti chake kirefu, bandeji jicho moja, na lile jingine linaona ukungu tu. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Umekuja, mwanangu. Ila leo unatembea kama una kokoto kiatuni."

"Ni mzigo, Baba."

"Mke wangu hakuwahi kuwa mzito hivyo." Akacheka. Halafu akanusa. "Mbona thina?"

"Nguo zangu. Nilipita kwa Mabango."

Uongo wa kwanza ulipita bila kugusa ukuta.

Wifi akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Huyu ndiye niliyemwogopa. Wifi yangu akiingia chumbani huona kitu kilichosogea kidole kimoja. Aliwahi kugundua nimebadilisha vitasa vya kabati kwa kusikia mlio. Nikaiegemeza picha kwenye meza, nikarudi nyuma hatua mbili, roho mkononi.

Akaitazama. Akaisogelea. Akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia. Mimi nahesabu vigae vya sakafu.

"Wifi," akasema.

"Abee."

"Umeifanya nini hii picha?"

Nikarudi nyuma hatua ya tatu.

"Maana bila kioo," akaendelea, na sauti ikamkatika, "ndiyo kwanza namwona Mama. Kioo kile kilikuwa kinanionyesha sura yangu mwenyewe tu. Huyu ni Mama kabisa. Hata shavu lake."

Akalia. Wifi yangu, ambaye msibani aligawa vikombe bila kutoa chozi, akalia kwa shavu nililolichora Jumatatu kwa rangi ya kibanda cha simu. Kisha akanishika mkono.

"Nilikukosea siku ile mbele ya watu. Yale maneno ya vibanda vya kunyolea. Nisamehe, wifi."

Miaka kumi na moja nimeyasubiri maneno ya kuniomba radhi. Nimeyapanga kichwani, nimejipangia na jibu la kumjibu. Yamekuja siku ambayo siwezi hata kuyapokea. Nilimwambia yamekwisha, nikautoa mkono wangu kwenye wake.

"Mmemaliza?" aliuliza baba mkwe. "Nileteeni maji ya kunawa."

Alinawa kama anayekwenda mezani, hadi kwenye viwiko. Tukamsogezea picha magotini. Akaweka mikono yote miwili kwenye fremu kwanza, akapima pembe kwa vidole.

"Pembe nzuri. Nani kakufundisha?"

"Mzee mmoja msumbufu," nikamjibu. Ndivyo tunavyotaniana siku zote, na siku ile utani ulinichoma.

Akaanza chini, kwenye nyasi. Vidole vyake vilitembea juu ya rangi taratibu, anapandisha, anashusha.

"Nyasi hizi alizisema sana. Akaniuliza, nani kakwambia nyasi zina rangi ya chungwa? Nikamwambia, joto. Akasema joto halina rangi, nikamwambia basi wewe lala, tusibishane." Mkono ukahama. "Hiki kiatu. Na hiki hapa mwenzake. Alivivua vikaanguka hovyo, nikamwambia usiviguse, viache hivyohivyo."

Wifi akacheka ndani ya machozi yake. "Mama na kulala mchana, Baba? Mama alikuwa halali mchana."

"Ndiyo maana nikamchora. Miaka arobaini nimeishi naye, sikuwahi kumwona amelala jua likiwaka. Siku ile alikaa anisubiri nimalize mti, akalala. Nikauacha mti. Wala hatukujua kwamba alikuwa anaumwa. Tulidhani amechoka." Mkono ukapanda kwenye mti. "Mti haujaisha mpaka leo. Gusa hapa, mwanangu. Tawi halina majani."

Niligusa. Tawi lilikuwa tupu kweli.

Mkono wake ukapanda kwenye gauni, ukafika begani, ukafika shingoni. Nikataka kusema kitu. Nikataka kuangusha kikombe, nipate kifafa, nyumba ishike moto jikoni. Nilikuwa nimesimama nikakaa, nikasimama tena.

"Tulia, mwanangu, unanitikisia meza," akasema. "Sasa niwaambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipofika usoni, macho yalikuwa yameshagoma. Naona ukungu tu. Kisu kinanipotea. Basi nikatupa kisu. Uso wa mke wangu nimeuchora kwa vidole, kama kipofu. Na nilipomaliza nikaona haujawa yeye bado. Hana ule mbonyeo shavuni. Mnaukumbuka, akikasirika kidogo, akitaka kucheka? Nikachukua dole gumba, nikabonyeza. Mara moja tu. Akawa yeye."

Akanyanyua dole gumba lake la kulia, tukaliona.

"Kila nikikosa usingizi nawaza hivyo. Kwamba dole langu lina mahali pake pale shavuni. Hata jicho hili likikataa Ijumaa, mahali pale napajua."

Ndugu wasomaji, niliona lile doa la kahawia. Nililiona kwenye ncha ya kisu, nikaliona linafutika kwenye gazeti. Shimo haligusi kioo, ndiyo maana halikunata. Uso wote ulikuwa umeondoka, na kitu pekee kilichokataa kuondoka kwenye kitambaa kilikuwa alama ya dole gumba lake, na mimi nikakikwangua kwa sababu kilinikera.

Dole likashuka. Likagusa paji. Likapita juu ya kope zangu za mikono ya vikombe, likasita. Likafika shavuni. Likazunguka. Likazunguka tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Shavu langu zuri la mviringo. Likatulia katikati, halina pa kuingia.

Wifi alisogea, akainama juu ya bega lake.

"Baba?" aliita wifi. "Ni yeye?"

Akageuzia uso upande wa sauti yake.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Nenda kanichemshie chai, binti yangu, nimechoka."

Wifi akaondoka anajifuta uso kwa kanga. Tukasikia birika likigonga sinki. Baba mkwe hakuutoa mkono kwenye picha. Kwa mkono mwingine akanitafuta, akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, akaniinamisha hadi sikio langu likafika mdomoni mwake.

"Mke wangu yuko wapi?"

Sikuweza kudanganya tena, au nilidhani sitaweza.

"Kwenye kioo, Baba. Alinata. Nilifunga kabla ya wakati, na sikuweka mbao. Nilijua, Baba. Ulinifundisha, na nilijua."

"Kwa sababu ya maneno ya vibanda vya kunyolea."

"Ndiyo."

Akavuta pumzi. Nilingoja aniachie mkono. Nilingoja aseme lile neno ambalo vikao vitatu vilitaka aliseme miaka kumi na moja iliyopita.

"Mimi ningekuwa kijana," akasema, "ningempiga mtu kwa maneno hayo. Wewe umefunga kioo." Na kweli akacheka kidogo, kicheko kibovu, kisicho na pumzi. "Kioo kipo? Hujakiosha?"

"Kipo. Nimekifunga kwenye shuka, nyuma ya mbao."

"Uso ni mzima?"

"Ni mzima. Kidevu kimevutika kidogo."

Mwili wake wote ukalegea kwenye kiti. Sijawahi kuona mtu akipokea msamaha wakati ni yeye anayeutoa, ila ndivyo alivyoonekana.

"Basi haijaharibika kitu. Nilitaka kuogopa. Picha si lazima iwe kwenye kitambaa, mwanangu. Niletee kioo. Kilichonata nitakigusa kwa nyuma, hapohapo kiliponata. Mimi nataka dole langu tu. Dole lipo?"

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ameufungua yeye mwenyewe, amenisamehe kabla sijaomba. Neno moja tu lilikuwa limebaki. Nikautazama uso wake, jicho moja bandeji, jingine jeupe, linaloningoja.

"Lipo, Baba," nikasema.

"Mungu akubariki. Nenda sasa hivi."

Nilipoinua kichwa, wifi alikuwa mlangoni. Birika mkononi, halijatiwa maji. Sijui amesimama tangu lini. Hakunikata jicho kama zamani. Alinitazama kwa upole ule mpya wa mchana huo, na upole huo ndio ulionitisha.

"Kioo gani, Baba?"

"Kioo cha mama yako. Kipo karakana. Mwenzako anakwenda kunichukulia."

Akaliweka birika juu ya meza, polepole, bila mlio.

"Basi tunakwenda wote," akasema. "Kioo hakibebwi na mtu mmoja, kisije kikavunjika. Na mimi nataka kuliona hilo dole la Baba."

Akaanza kuvaa viatu. Baba mkwe alikuwa amelaza kichwa nyuma, ametulia, anasugua dole gumba lake taratibu kwenye kitambaa cha suruali, analisafisha.